Daftari la Vitu Ninavyopewa Bure

Simu iliita nikiwa kwenye darubini. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, wagonjwa wamejaa benchi hadi wengine wamekaa kwenye ngazi, nami nahesabu vimelea vya malaria kwenye damu ya mtoto wa miaka miwili. Nje ya mlango nilimsikia mama yake akimbembeleza. Sikupokea. Nilipopiga mchana, mwanamke mwenye sauti ya upole aliniambia nimefaulu usaili. Hospitali yao ya Dodoma inanitaka nikasimamie maabara, mshahara ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi, na wanasubiri jibu langu ndani ya siku kumi na nne.

Tanga nilikuwa napokea 950,000. Miaka tisa nilikuwa kwenye maabara ileile, mwendo wa bodaboda wa dakika kumi kutoka nyumba niliyozaliwa. Ombi nilikuwa nimelituma usiku mmoja mtoto akiwa amelala, mume wangu akijua na mama asijue. Nadhani nilipata ujasiri wa kulituma kwa sababu sikuamini kwamba wangeniita.

Nusu ya watu niliowaambia walisema, "Riziki imekuita, itikia." Nusu nyingine wakasema, "Mtu kwao." Wote wananipenda, na nawashukuru. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitabaki na shilingi ngapi mkononi, na mimi mwenyewe siku tatu za kwanza sikujiuliza. Nilikuwa natembea na ile milioni moja na laki nne kichwani kama mtu aliyeshaipokea.

Siku ya nne nilichukua daftari la mwanangu lililobaki kurasa nyeupe, nikaanza kuandika.

Tofauti ya mishahara miwili ni 450,000. Ndivyo inavyosomeka kwenye barua. Sasa toa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 kutoka kwangu. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi, na kodi ya mshahara inapanda kwa ngazi: 270,000 za kwanza haziguswi, kutoka hapo hadi 520,000 unakatwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi milioni moja asilimia 25, na kila shilingi inayozidi milioni inakatwa asilimia 30. Nilipiga hesabu mara mbili, mara ya pili na mume wangu ambaye anafundisha hisabati. Mshahara wa Tanga unanifikia mkononi 763,250. Wa Dodoma ungenifikia 1,054,000. Ile laki nne na nusu ilikuwa imeshuka hadi 290,750 kabla sijapanda basi.

Hapo ikaja kodi ya nyumba. Tanga tunaishi Duga kwenye nyumba yetu wenyewe. Haijapigwa plasta upande wa nyuma na dari ni la chumba kimoja tu, lakini hakuna anayekuja kugonga kila mwisho wa mwezi. Nilimpigia dalali wa Dodoma niliyepewa namba yake na mfanyakazi mwenzangu. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, choo ndani, maeneo ya Nkuhungu au Nzuguni, akanitajia 300,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye achukue ya mwezi mmoja. Yaani 2,100,000 kabla sijanunua hata ufagio.

Laki tatu kasoro kidogo inaingia, laki tatu kamili inatoka. Nilikaa nikiitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

Mume wangu alisema, "Hujaandika vyakula." Nikamjibu kwamba chakula tutakula popote. Akasema, "Hapana. Andika unachopewa."

Sikumwelewa mpaka asubuhi yake, mjomba wangu alipopita na mtungo wa changu watatu, akauning'iniza kwenye komeo la mlango bila hata kubisha hodi, akaenda zake. Mjomba anavua. Mara mbili au tatu kwa wiki tunapata samaki namna hiyo, na katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuwahesabu. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika juu yake: Vitu ninavyopewa bure. Wa kwanza nikaandika samaki.

Ukurasa ule ulinichukua siku mbili, na sijawahi kuandika kitu kigumu kama kile. Mtoto akitoka shule saa nane mchana anapita kwa bibi yake, anakula, anavua sare, analala, akiamka anaulizwa kazi za nyumbani. Duka la pembeni linanikopesha unga na mafuta hadi tarehe ya mshahara, na mwenye duka hajawahi kunitumia mtu. Shoga yangu kazini ananishikia zamu ya usiku mama akiwa na kliniki. Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo wetu wa kupeana fedha kwa zamu, wanawake kumi na wawili, kila mmoja 50,000 kwa mwezi, aliwahi kunivusha kutoka namba tisa hadi namba mbili mama alipolazwa, na wale saba niliowaruka hakuna aliyenuna. Mtu akihama mchezo hahami nao. Mji mpya unaanza kuaminiwa kutoka sifuri, na kijumbe wa huko, kama atakupokea, atakuweka mwisho.

Halafu nikaandika usiku wa degedege. Mwanangu alikuwa na miaka mitatu. Saa saba ya usiku homa ilipanda, macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa. Mimi ni mtu wa hospitali, najua la kufanya, na mikono yangu haikufanya chochote. Nilipiga kelele moja tu. Kabla mume wangu hajapata viatu, jirani yetu wa ukuta wa pili alikuwa ameshawasha pikapu yake, mkewe amekaa nyuma na khanga iliyolowa maji, akisema, "Mlete, mlete, mlaze ubavu." Walikaa nasi hospitali mpaka alfajiri. Nilijaribu kuandika kiasi mbele ya mstari ule kama nilivyofanya kwa mingine. Niliacha wazi.

Iliyowezekana kuandikiwa bei niliiandikia. Dada wa kazi wa kumpokea mtoto, na chakula chake. Samaki, ambao Dodoma wanafika kwenye barafu na bei yake. Nauli za kuja kumwona mama. Jumla ilipita ile 290,750 mbali sana, na hapo sijagusa ule mstari mtupu.

Kama ningekuwa nahamia fedha, jibu lilikuwa limepatikana na barua ningeirudisha siku ileile. Niliposhika simu niwaandikie kwamba nashukuru lakini siji, nilisikia huzuni ambayo haikuwa ya fedha. Nikaiweka simu chini. Kwa mara ya kwanza fedha ilikuwa imeondoka mezani, na nyuma yake kulikuwa na kitu nilichokuwa sijakitaja hata kwa mume wangu.

Nilitaka kuotesha.

Naomba nieleze, kwa sababu wasomaji wengi hamjaingia maabara. Mwanamke anakuja na mkojo unaomchoma. Kwenye maabara yangu ya Tanga ninaweza kuutazama kwa darubini na kuandika kwamba kuna chembe za usaha na kuna bakteria. Basi. Ni bakteria gani, na anakufa kwa dawa ipi, siwezi kusema. Daktari anakisia. Anampa dawa, na wiki mbili baadaye mwanamke yuleyule amekaa kwenye benchi lile lile, na mimi ninaandika majibu yaleyale. Ili ujue, inabidi uuoteshe ule mkojo: uusambaze kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, uuweke kwenye kabati la joto la nyuzi 35 hadi 37, na usubiri hadi kesho. Wakiota, unawatambua, unawasambaza kwenye sahani nyingine, unaweka juu yake vidonge vidogo vya karatasi vilivyoloweshwa dawa mbalimbali. Siku inayofuata unachukua rula. Dawa inayowaua inaacha duara safi kuzunguka kidonge chake, na unalipima kwa milimita. Dawa waliyoizoea, wanaota hadi kwenye ukingo wa karatasi.

Chuoni nilifanya hivyo na nililipenda zoezi lile kuliko yote. Miaka tisa sijashika rula ile. Kuna mama mmoja aliyekuja kwangu mara nne na tatizo moja, mara ya nne akiwa mjamzito wa miezi saba na homa kali, na mimi nilimwandikia "bakteria wapo" kwa mara ya nne. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilijua siku ile kwamba kazi yangu inaishia kabla ya mahali inapoanza kumsaidia mtu.

Hospitali ya Dodoma walisema wana kitengo cha kuotesha. Nilitaka kukiona kwa macho.

Siku ya saba nilipanda basi Kange kabla ya jua, kwa nauli yangu. Segera, Mkata, Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa. Nchi inabadilika dirishani taratibu. Minazi inaisha, mkonge unaisha, milima ya Uluguru inapita, halafu miti inaanza kuwa mifupi na mibuyu inasimama peke yake kama watu waliokataa kuondoka. Karibu kilomita 600. Nilifika jioni mgongo ukiniuma.

Marehemu baba yangu mdogo alikuwa karani wizarani Dar es Salaam, na aliishi na neno Dodoma kichwani maisha yake yote ya kazi. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko. Yeye aliajiriwa miaka michache baadaye, na kila mwaka aliambiwa watahama. Hakununua kiwanja Dar kwa sababu angehama, na hakuhama. Alistaafu, akarudi Tanga, akafariki kabla ya mwaka 2016 serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli. Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Sensa ya 2012 iliikuta na watu laki nne na ushee, ya 2022 ikawakuta zaidi ya laki saba na nusu. Nilipokuwa natembea kwenye mitaa ile ya vumbi yenye nyumba mpya upande huu na msingi upande ule nilimkumbuka sana. Nilimwonea huruma kwa ile miaka aliyoishi nusunusu, huku hayupo na kule hajafika, na niliapa kwamba mimi, nikikataa, nitakataa kabisa.

Kesho yake nilikwenda hospitali asubuhi na mapema kwa daladala, saa ambayo ningekwenda kila siku, ili nijue umbali ule unahisije. Walinikaribisha vizuri. Wakanipeleka ofisini, chai, maneno mazuri kuhusu malengo yao. Niliomba kuingia maabara.

Kama wewe ni mtu wa maabara na unataka kumjua mwajiri, usitazame mashine. Mashine kila mtu anaonyesha. Fungua jokofu. Juu ya mlango wa jokofu la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, huwa kuna chati ya joto, inajazwa asubuhi na jioni kwa mkono, na aliyejaza anatia saini. Mahali pengi utakuta chati imejazwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mara nyingi usiku wa kuamkia ukaguzi. Chati ile ilikuwa na kalamu tofauti, miandiko mitatu, na tarehe mbili za katikati zilikuwa tupu, na pembeni mtu ameandika: umeme ulikatika, vitendanishi vilihamishiwa chumba cha dawa. Nilisimama pale nikaisoma yote. Watu waliokubali kuandika kwamba umeme ulikatika ninaweza kufanya kazi nao. Ndani, tarehe za mwisho za matumizi zilikuwa sawa. Kwenye kabati la joto kulikuwa na sahani sita, na mojawapo ilikuwa na maduara.

Niliuliza pia kwa nini msimamizi aliyekuwa akiniachia nafasi anaondoka, na niliomba nimuulize mwenyewe. Hili nalisisitiza kwa yeyote. Alikuwa bado yupo, anamalizia mwezi wake. Alikuwa anamfuata mume Mbeya. Aliniambia mambo mawili kwa uwazi: kwamba mishahara inachelewa, lakini haijawahi kupita tarehe tano, na kwamba nikipanga nyumba nisiulize kwanza vyumba vingapi, niulize maji yanatoka siku gani. Sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka kwenye visima vya Mzakwe, na mji umekua haraka kuliko visima. Mvua ni ya msimu mmoja, inaanza kama Desemba na kufika Aprili imekwisha. Mimi mtoto wa pwani, niliyezoea vuli na masika na bomba lisilonipa mawazo, nilimsikiliza kama mwanafunzi.

Kurudi nilipanda treni ya SGR hadi Dar ili nipime njia ipi ingenifikisha kwa mama upesi akizidiwa. Baada ya safari ya takriban saa nne nikawa Dar, lakini kuvuka jiji mpaka Mbezi na kupata basi la Tanga kulinimalizia siku. Bora kushuka Morogoro na kupita Chalinze. Hata hivyo ni kutwa nzima. Hakuna njia ya kwenda Tanga kutoka Dodoma isiyokula kutwa nzima, na hilo nililiandika kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Mume wangu tuliongea barazani usiku wa Jumamosi. Ni mwalimu wa serikali. Hawezi kuacha kituo chake na kunifuata kama anavyofunga mlango. Kuna uhamisho wa kufuata mwenza, unaoombwa na kusubiriwa, na kuna kubadilishana, ambapo unatafuta mwalimu wa Dodoma anayetaka kuja Tanga. Kuna makundi ya WhatsApp ya walimu ambayo kazi yake ni hiyo tu, watu wanatangaza vituo vyao kuanzia alfajiri.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema baba yake alikuwa mtu wa reli. Tabora, Kigoma, Mwanza, kisha Tanga. "Mama alifunga mizigo mara nne. Sikumbuki hata siku moja mtu akimuuliza kama anataka." Akaniambia hapendi wazo la watu kusema mke wake amemwacha na mtoto. Hakulificha hilo, na nilimheshimu kwa kutolificha. Lakini akasema angeona aibu zaidi kunizuia jambo ambalo baba yake alilifanya mara nne bila kuuliza. "Nenda kwanza wewe. Mimi nitaomba. Nikipata nitakuja, nisipopata tutakaa tena hapa barazani tuseme."

Nilikuwa nimetegemea aseme nenda au usiende. Kile alichosema kilikuwa kigumu kukibeba, lakini kilikuwa cha kweli.

Mama ndiye niliyemwogopa. Ana kisukari, na kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuwa napita kumtoboa kidole na kupima. Nilipomwambia hakulia wala hakunibariki. Aliuliza, "Nani atanipima?" Nikaanza kueleza kwamba nitamwomba fulani, nitamlipa fulani. Akanikatiza: "Leta hicho kidude."

Akakiweka kwenye mkeka. Mara ya kwanza alitoboa bila kufika kwenye damu. Mara ya pili alifumba macho, tone likatoka, akalipaka pembeni ya kijikaratasi badala ya kwenye ncha, kikapotea kijikaratasi kimoja. Mara ya tatu ikasoma 7.4. Mwanangu, aliyekuwa ametupiga jicho wakati wote, akaenda kuchukua daftari, akaandika tarehe na namba kwa mwandiko wa darasa la nne. Akasema ataandika kila siku na baba atapiga picha anitumie. Mama akasema, "Miaka yote hii umenifanya mgonjwa, kumbe naweza." Lile neno liliniuma, na lilikuwa kweli.

Darasa la nne lilitupa pia tarehe. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hufanyika mwishoni mwa Oktoba. Kumng'oa mtoto katikati ya mwaka ule, kutoka kwa walimu wanaomjua, sikuona sababu yake.

Kuhusu mkataba nitasema machache, lakini yashikeni. Muda wangu wa majaribio uliandikwa miezi sita. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri hana haki ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo halali kama aliyekwisha kuimaliza. Ndiyo maana kuhamisha familia nzima mwezi wa kwanza ni kuuweka uzito wote kwenye ngazi ambayo bado haijapigiliwa misumari. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 43, inasema mkataba ukivunjwa mahali tofauti na ulipoajiriwa, mwajiri akurudishe na mizigo yako au alipe gharama, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku unazosubiri usafiri. Lakini "mahali ulipoajiriwa" lazima pajulikane. Mkataba walionitumia ulikuwa umeandika Dodoma. Niliwaomba waandike Tanga, kwa kuwa ndiko walikonipata. Waliandika bila ubishi. Niliomba pia posho ya nyumba, wakakataa. Niliomba usafiri wa mizigo na malazi ya mwezi wa kwanza, wakakubali. Nilikuwa natetemeka nikiomba. Mtu akitetemeka bado anaweza kuomba.

Siku ya kumi na tatu niliwajibu kwamba ninakuja.

Nilihamia peke yangu. Badala ya nyumba ya laki tatu nilipanga chumba kimoja Nkuhungu kwa 80,000, choo cha nje, wapangaji watatu kwenye ua mmoja na mama mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele. Niliripoti tarehe 2 Mei. Miezi sita inaisha mwanzoni mwa Novemba, mtihani wa mwanangu ukiwa umekwisha. Hapo ndipo tutakapokaa barazani tena.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya kuliko nilivyotegemea, na siwezi kuzipamba. Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja, na ninapofika kona ya duka miguu inataka kwenda kwa mama. Nilikula mkate na chai siku nyingi kwa sababu kupika sufuria dogo kwa mtu mmoja kulinitia simanzi. Picha ya daftari ilikuwa inafika saa moja asubuhi: 7.1. 6.8. Siku moja 11.3, nikapiga simu nikitetemeka, mama akasema alikula embe na nisimpigie kelele asubuhi.

Kazini nilishika rula. Mgonjwa wa kwanza niliyemwandikia majibu kamili alikuwa mwanafunzi wa chuo, dawa alizokuwa amepewa mara mbili zote bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni, na dawa moja ya bei nafuu ilikuwa na duara la milimita 24. Nilimwita daktari kwa simu ingawa haikuwa lazima.

Juni mama alinitumia kifurushi kwa kondakta wa basi: kamba wakavu, kilo mbili, na machungwa ya Muheza. Kilikuwa kingi mno kwa mtu mmoja. Nilipima sahani moja ya kamba, nikaongeza machungwa sita, nikampelekea mama mwenye nyumba. Aliwatazama kamba kwa muda, akaniuliza wanapikwaje. Nikamwonyesha, kwa nazi niliyoipata soko la Majengo. Yeye akanipa mlenda wa kukausha kwenye karatasi, akanifundisha kuukoroga usivunjike uteute wake.

Julai baridi ya Dodoma ilikuja na upepo unaopiga mabati usiku kucha. Maji ya mtaa wetu yalikuwa hayajatoka siku tano, nami nilikuwa nimebakiwa na nusu ndoo, nimelala na soksi na khanga mbili. Saa tisa usiku nikasikia mlango unagongwa kwa kiganja, na sauti ya mama mwenye nyumba nje, tayari anaburuta ndoo zake kwenye zege.

"Dada wa Tanga! Amka, maji yametoka. Nimekushikia foleni."